Maji ya Usambara ni Amana: Kutoka Chemchemi za Milimani hadi Bandari ya Tanga

Kila mtoto wa Kiislamu aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu wake ajua ya kuwa mlango wa kwanza wa vitabu vya fiq-hi ni mlango wa maji. Kabla hajafundishwa nguzo za Sala wala hesabu ya Zaka, mwanafunzi hutajiwa maji saba yafaayo kujitoharisha: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Kisha hufundishwa alama tatu za maji yaliyobadilika, nazo ni rangi, ladha na harufu. Wanavyuoni hawakuutanguliza mlango huo kwa bahati tu. Ibada yetu hutanguliwa na tohara, na asili ya tohara ni maji; ama tayamamu ni ruhusa ya mwenye dharura.

Leo, ndugu msomaji, twapenda kuuchukua mlango huo tutoke nao chuoni, tupande nao milima ya Usambara, kisha tuteremke pamoja na maji ya milima hiyo mpaka bandari ya Tanga. Twataka kutazama ni nani wanaoyalinda maji hayo, wanayalinda kwa njia gani, na kila nyumba ya Kiislamu, iwe ya Lushoto au ya Ngamiani, ina fungu gani katika ulinzi huo.

NJIA YA MAJI

Usambara ni safu mbili za milima. Ya Magharibi ndiyo yenye Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Ya Mashariki ndiyo yenye Amani na misitu yake mashuhuri. Kati ya safu hizo mbili limelala bonde la mto Lwengera. Upepo wa baharini uliojaa unyevu huipiga milima hiyo, ukapanda, ukapoa, ukawa ukungu na mvua. Misitu ikaipokea mvua hiyo, udongo ukainywa taratibu, na chemchemi zikaitoa kidogo kidogo hata katika miezi ya kiangazi.

Kutoka hapo maji hushika njia zake. Mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, ukaenda mashariki mpaka baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Maji ya Soni huporomoka kuelekea Mombo, yakaishia katika mto Pangani. Lwengera nao hujiunga na Pangani karibu na Korogwe. Na katika Usambara ya Mashariki huanzia mto Zigi, ambao maji yake huzuiliwa katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na hapo ndipo jiji la Tanga lipatapo maji yake ya kunywa. Yaliyobaki huendelea mpaka baharini, kandokando ya mji ule ule.

Basi mwanamke wa Amani afuaye nguo mtoni, na mwanamke wa Tanga afunguaye bomba apate maji ya futari, hawajuani kwa sura wala kwa jina. Lakini wanashiriki chombo kimoja. Atendalo mmoja asubuhi humfikia mwenziwe baada ya siku chache. Na mkulima wa Mlalo ajionaye yu mbali sana na bahari, ambaye huenda hajaiona maishani mwake, kila mvua inyeshapo hutuma kitu huko baharini. Swali ni moja tu: anatuma nini?

YANAYOBEBWA NA MAJI

Jambo la kwanza ni udongo. Mteremko ukilimwa bila kinga, mvua moja kubwa huchukua udongo mwororo wa juu ambao ndio wenye rutuba, na mto hugeuka mwekundu. Mkulima amepata hasara, kwa kuwa chakula cha watoto wake kimekwenda zake. Lakini hasara haiishii hapo. Udongo huo hulijaza bwawa, ukapunguza nafasi ya maji. Tena maji yenye tope ni mazito kuyasafisha, kwa sababu vijidudu vya maradhi hujificha katika chembe za udongo, na dawa ya klorini itiwayo ili kuviua huishia kupambana na uchafu mwingine kabla haijavifikia. Hapo hulazimika kutia dawa nyingi zaidi ya kutuliza tope, na gharama yake hulipwa na mnunuzi wa maji.

Udongo uliopita bwawa na uliotoka katika mito mingine hufika baharini. Huko hufunika matumbawe, ambayo ni viumbe hai wahitajio maji maangavu na mwanga wa jua, na matumbawe yakifa samaki hukosa makao na malezi. Mvuvi akirudi na wavu mtupu huilaumu bahari, kumbe sehemu ya kisa chake imeanzia shambani, mlimani. Na bahari ya Tanga si bahari ya kudharauliwa. Ndimo aishimo yule samaki wa kale aitwaye silikanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za mbali, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga walimpata mara nyingi katika nyavu zao, na mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga.

Jambo la pili ni kinyesi cha watu na wanyama, chenye kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. La tatu ni mbolea na dawa za kuulia wadudu. Lushoto yasifika kwa mboga na matunda yake: kabichi, karoti, nyanya, pea na plamu zake huuzwa mpaka Dar es Salaam. Lakini bustani nyingi za mboga ziko mabondeni, pembezoni mwa vijito, na mtu akishapuliza dawa hushawishika kuliosha bomba lake la dawa katika maji yaliyo karibu.

La nne ni la hatari kuliko yote kwa kuwa halionekani, nalo ni zebaki, itumiwayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu ili kuikusanya dhahabu na kuitenga na mchanga. Zebaki ikiingia majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa walao wadogo, ikazidi kila hatua mpaka kufika katika sahani ya mwanadamu. Ulimwengu uliyajua haya kwa msiba wa Minamata, mji wa pwani huko Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, na mwaka 1956 maradhi yake yakatambuliwa rasmi kwa watu waliokula samaki wa ghuba hiyo. Watoto walizaliwa na vilema ilhali mama zao hawakuona dalili kubwa katika miili yao. Mwaka 2013 mataifa yaliandika mkataba wa kuizuia zebaki, wakauita kwa jina la mji huo.

Hapa ndipo tuyarejee yale mafunzo ya chuoni. Rangi, ladha na harufu ni alama za kweli, na kila mtu aweza kuzijua kwa jicho, ulimi na pua. Kwa alama hizo hujua hukumu ya tohara. Lakini sheria yetu, mbali na tohara, imekataza pia madhara, mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Na madhara mengine hayana rangi wala ladha wala harufu. Maji yaweza kung'aa kama kioo na huku yana ugonjwa ndani yake. Ndiyo sababu twahitaji watu wa kupima kwa ala za ilimu, na twahitaji kuwasadiki na kuwasaidia.

SOMO LA MATUTA

Kabla ya kuwataja wapimaji wa leo, yafaa tukumbuke jambo lililopita katika milima hii, kwa kuwa lina mafunzo makubwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliona kwamba udongo wa Usambara unaporomoka. Katika hilo haikukosea. Mwaka 1946 ikaanza mpango wake huko Mlalo, kisha mpango ukaenezwa katika sehemu nyingine za milima. Watu waliamrishwa kulima matuta ya namna maalumu katika miteremko, na asiyelima alishitakiwa na kutozwa faini. Kazi ilikuwa ngumu, na mzigo mwingi uliwaangukia wanawake. Wasambaa walinung'unika, kisha wakakataa waziwazi, na upinzani huo ukaingia katika harakati za siasa za wakati ule. Mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Mtu asidhani ya kuwa Wasambaa walikataa kwa sababu hawakujali ardhi yao. Katika lugha yao wanayo maneno ya tangu kale: kuzifya shi, yaani kuitengeneza na kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mtawala wa Vugha alipimwa kwa maneno hayo. Mvua ikinyesha na vyakula vikapatikana aliambiwa ameiponya nchi. Watu wenye fikra kama hiyo wangaliweza kuwa wasaidizi wa kwanza wa mpango wa udongo. Walilokataa ni kuamrishwa katika mashamba yao bila ya kushauriwa, na kupewa kazi isiyowaongezea chakula.

Baadaye njia nyingine ilijaribiwa. Tangu mwaka 1981 Tanzania na Ujerumani zilifanya Lushoto kazi ya kuzuia mmomonyoko, ikijulikana kwa jina la SECAP. Wakulima walihimizwa kupanda majani ya malisho katika mistari yenye kukinga mteremko, kufuga ng'ombe zizini badala ya kuwaachia milimani, na kupanda miti pamoja na mazao. Hapa mkulima aliona faida yake: majani yaliyozuia udongo yalimlisha ng'ombe, ng'ombe akatoa maziwa na samadi, samadi ikarudi shambani. Na katika bonde la Baga, wanavijiji walipoulizwa na watafiti ni jambo gani liwasumbualo, walitaja kukauka kwa chemchemi na mikaratusi iliyopandwa karibu nazo. Jambo hilo likawa shauri la kuzungumzwa baina ya wenye miti na wenye kuteka maji. Fundisho la yote haya ni kwamba maji hayalindwi kwa fimbo peke yake. Hulindwa kwa shura.

DHAHABU YA USAMBARA NA UMOJA WA ZIGI

Mwishoni mwa mwaka 2003 habari zilienea kwamba dhahabu imeonekana katika Usambara ya Mashariki, upande wa Sakale, karibu na msitu wa Amani. Maelfu ya watu wakamiminika, wakachimba vitanda vya vijito na kando zake. Msitu wa Amani, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ndio uzazi wa mto Zigi. Basi chimbo lililofunguliwa humo lilikuwa limefunguliwa katika mtungi wa mji wa Tanga. Mwaka 2004 serikali ilizuia uchimbaji huo, ingawa wako waliorudi kwa siri mara kwa mara.

Kumfukuza mchimbaji ni jambo moja. Kumpa sababu ya kutorudi ni jambo jingine. Hapo ndipo kulipodhihiri umuhimu wa umoja wa wakulima wa bonde hilo, uitwao Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, au kwa ufupi UWAMAKIZI. Kihuhwi ni mto mmoja katika mito iingiayo Zigi. Wanachama wake ni wakulima wa vijiji vya huko huko. Wanaotesha miche, wanapanda miti, wanajiepusha na kulima ukingoni mwa mto, na wanawaonya wenzao. Mamlaka ya Majisafi ya Tanga, ambayo ndiyo iuzayo maji mjini, iliona kwamba kusaidia wakulima hao ni kulinda mali yake yenyewe, ikashirikiana nao katika miche na katika kazi za kuwapatia kipato kama ufugaji wa nyuki. Mnunuzi wa maji wa Tanga amekuwa, kwa njia hiyo, msaidizi wa mkulima wa milimani, na mkulima amekuwa mlinzi wa maji ya mjini.

WALINZI NA KAZI ZAO

Walinzi wa maji haya ni wengi, na kila mmoja ana zamu yake.

Tanzania imegawanya maji yake katika mabonde 9. Bonde la Pangani lilipewa bodi yake mwaka 1991, na chini ya bodi hiyo, ambayo makao yake ni Moshi, iko pia mito ya Umba na Zigi. Bodi hupima wingi wa maji mitoni na hutoa vibali kwa wanaotaka kuyatumia au kumwaga maji yaliyotumika. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeruhusu pia watumiaji wenyewe kuunda jumuiya za kugawana na kulinda maji ya vijito vyao.

Wakala wa Huduma za Misitu wanashika misitu ya hifadhi. Halmashauri za wilaya zina maafisa wa afya, wa kilimo na wa maji. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mamlaka ya maji ya Tanga hupima maji yanayoingia katika mtambo wa kusafishia, yanayotoka, na yaliyomo katika mabomba ya mjini. Shirika la Viwango huweka kipimo kipasacho, na EWURA huzikagua mamlaka za maji.

Katika bandari na bahari wako walinzi wengine: Mamlaka ya Bandari yenye dhamana ya gati na maji yake, wakala wa serikali wa masuala ya meli, Baraza la Taifa la Mazingira, maafisa wa hifadhi za bahari, na vikundi vya wavuvi vya fukwe. Kazi yao inaongezeka, kwa sababu mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi huko Chongoleani, Tanga, la bomba la mafuta ghafi lililopangwa kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Palipo na mafuta pana haja ya jicho lisilolala.

Upimaji wenyewe si jambo la siri. Mpimaji huchota maji mahali pale pale, kwa siku zilizopangwa, katika chupa iliyosafishwa. Hutazama utope wake, chumvi yake, ukali wake wa asidi, na hewa iliyomo ndani yake wavutayo samaki. Hutafuta vijidudu vya kinyesi. Na kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba kijidudu kiitwacho E. koli kisionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Huandika aliyoyaona, na mwakani huyalinganisha na ya mwaka huu. Kipimo kimoja ni kama neno moja la barua. Maana hujulikana barua ikisomwa yote.

Na hapo ndipo penye jambo kubwa la makala haya. Hatari ya kazi iliyogawanywa ni kwamba kila mtu aweza kupima fungu lake, akaifungia karatasi yake kabatini, akasema nimemaliza. Mtu wa misitu akajua kwamba msitu umekatwa, asimwambie mtu wa bwawa. Mtu wa bwawa akaona tope limezidi, asimwambie mtu wa bandari. Mvuvi akaona samaki wamekufa, asijue amwambie nani. Mto ni mmoja, lakini ukigawanywa katika makabati kumi hautalindwa na mtu hata mmoja. Faida ya ushirikiano, kama ule ulioanza Zigi, ni kuziweka karatasi hizo katika meza moja, na kumkalisha mkulima na mvuvi mezani hapo pamoja na mtaalamu.

DINI YETU YASEMAJE

Mambo haya si mageni katika Uislamu. Katika miji ya Waislamu wa zamani alikuwapo muhtasib, mwenye kazi ya hisba, aliyekagua mizani, vyakula na maji. Vitabu vya hisba vinasimulia jinsi wachukuzi wa maji walivyoamrishwa kuingia mtoni mpaka waupite uchafu wa ukingoni, wala wasiteke karibu na mahali pa uchafu au mifereji itokayo katika hamamu. Huyo ndiye mpimaji wa maji wa zama zile.

Na mafakihi wameandika habari ya harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka lisilohalalika kwa mtu mwingine kuchimba wala kuharibu. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza, katika mita 60 za ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari, shughuli za kudumu na zile zenye kuweza kuharibu mazingira. Mwenye kuifahamu harimu hataona mita 60 kuwa jambo la kigeni.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na amewaonya wanaojisaidia penye maji, njiani na kivulini. Amefundisha ya kuwa watu ni washirika katika maji. Na yeye mwenyewe, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Nani miongoni mwetu atawadhaye leo kwa kadiri hiyo, huku bomba limefunguliwa lote na maji yapita bure?

Lakini hadithi inayolingana zaidi na habari yetu ni ile aliyoipokea Nuuman bin Bashir, iliyomo katika Bukhari, ya watu waliopiga kura katika jahazi. Wengine wakapata ghorofa ya juu, wengine ya chini. Wa chini walipohitaji maji walikuwa hawana budi kupita kwa wa juu, wakaona bora watoboe fungu lao la chini ili wasiwasumbue wenzao. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba wakiachwa wafanye watakavyo wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Watu wengi huisoma hadithi hii kwa kumtazama mtoboaji tu. Tumtazame pia mtu wa juu. Yule wa chini alikuwa na haja ya kweli, alihitaji maji. Wajibu wa wenzake ni kuushika mkono wake, na pia kumfungulia njia.

HAKI YA MTU WA MILIMANI

Basi tuseme kwa uadilifu. Ardhi ya Usambara ni finyu, na watu ni wengi. Bondeni ukingoni mwa kijito ndipo penye udongo mweusi na unyevu wa kiangazi; ndipo pa kabichi ya kumlipia mtoto ada. Kumwambia mkulima aliye maskini aziache mita 60 za bonde lake ili mtu wa mjini anywe maji maangavu ni kumtaka sadaka kubwa. Akiombwa na mtu asiyemjua, asiyempa chochote, atakataa kama baba zake walivyoyakataa matuta.

Kwa hiyo wa bondeni na wa pwani wana deni. Bei ya maji yafaa iwe na fungu la kurudi kwenye chanzo, kwa miche, kwa mizinga, kwa vyoo, kwa maafisa wa kilimo wenye kufundisha kwa upole. Tena na wa pwani nao wajitazame. Haifai mtu wa mjini amlaumu mkulima wa Amani kwa tope, ilhali maji machafu ya mji wake na takataka za soko lake zatiririka katika ghuba ile ile. Ajaye kudai usafi wa wenzake na aanze na mlango wake.

FUNGU LA NYUMBA YETU

Ndugu zangu, kazi ya wakubwa haituondolei yetu. Kila nyumba yaweza kufanya haya:

Kwanza, kuwa na choo kilicho mbali na kisima na kijito, chenye kufunikwa, na kunawa kwa sabuni baada yake.

Pili, kutoosha bomba la dawa ya mashamba wala makopo yake mtoni. Maji ya kusuzia yanyunyizwe katika shamba lililopulizwa, mbali na kijito, na makopo yasitumiwe kamwe nyumbani.

Tatu, kupanda majani na miti ifaayo katika mteremko, na kuepuka mikaratusi karibu na chemchemi.

Nne, kuyachemsha au kuyatia dawa maji ya kunywa ya mtoto, ijapokuwa yaonekana maangavu.

Tano, kuingia katika jumuiya ya watumia maji ya kijijini na kuhudhuria mikutano yake, wanawake na vijana pia, kwa kuwa mwanamke ndiye atekaye maji na ndiye aonaye mabadiliko kabla ya mwanamume.

Sita, kutoa habari upesi kwa serikali ya kijiji, kwa bodi ya bonde au kwa mamlaka ya maji, mtu aonapo uchimbaji kandoni mwa mto, samaki waliokufa, au mafuta juu ya maji ya bandari. Kunyamaza kwa ajili ya jamaa au kwa ajili ya fedha ni kuitoboa jahazi kwa ulimi uliofungwa.

Maimamu na walimu wa vyuo nao wana minbari na mkeka. Somo la mlango wa maji lisomwe pamoja na ziara ya kwenda kuitazama chemchemi ya kijiji. Mwanafunzi aulizwe maji haya yatoka wapi, yaenda wapi, na nani atayanywa baada yetu. Na katika milima hii Waislamu na Wakristo wanateka penye chemchemi moja. Basi katika jambo hili tusimame safu moja na jirani zetu, maana mto haumwulizi mtu dini yake.

Nanyi vijana, someni ilimu ya maji. Nchi yahitaji wapimaji, wahandisi na mabwana misitu, na hiyo ni hisba ya zama zenu. Kijana anayeweza kuishika chupa ya kupimia, akaandika alichokiona bila ya kupunguza wala kuongeza, na asinunulike, huyo amebeba amana kubwa.

Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Anbiyaa kwamba kila kilicho hai amekifanya kutokana na maji, na katika Sura ya Rum ametuonya kwamba ufisadi hudhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Mikono hiyo hiyo ndiyo yenye kuweza kutengeneza. Wazee wa Usambara waliita kazi hiyo kuiponya nchi. Sisi na tuifanye ili kutafuta radhi za Mola wetu, tangu chemchemi ya Shagayu na Amani mpaka gati la Tanga, ili mtu wa juu na mtu wa chini waokoke pamoja.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, ayabarikie maji yetu, na atujaalie kuwa wenye kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.